Kamera ya zamani, programu mpya inakataa: maswali yenu ya picha mbichi

Mwezi huu barua tatu zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nikaona niziweke pamoja. Wote watatu wana picha mbichi, yaani zile faili za RAW, kutoka kamera ya miaka ya nyuma, na wote wanahangaika na programu ya kuzifungua.

SWALI

Kaka habari za kazi. Mi mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, nina Canon PowerShot A720 IS niliyoipata kwa jamaa anauza vitu used, ile inatumia betri mbili za kawaida za AA. Nikasikia kuna kitu kinaitwa CHDK unakiweka kwenye memori kadi kamera inaanza kutoa RAW, nikaweka na kweli imekubali, inanipa JPEG kama kawaida alafu na faili lingine limeandikwa CRW_0142.CRW. Shida ndo inaanzia hapo. Mshkaji wangu ana Lightroom, ile programu ya kuedit picha, tukajaribu ikasema haitambui. Nikadaunlodi programu mbili za majaribio za siku 30 bando likaisha na zote zimegoma, nikaangalia listi yao ya kamera, yangu haipo kabisa. Laptopu ina RAM ya 4GB, Windows 10. Nichukue programu gani, au niachane na RAW nibaki na JPEG?

JIBU

Usiachane nayo mdogo wangu. Hiyo kamera ina kitu ndani, ni kwamba tu unagonga mlango usio wake.

Ngoja nikueleze hiyo listi ya kamera maana yake nini, ukishaielewa hutapoteza tena bando. Faili mbichi sio picha bado, ni namba tu zilizotoka kwenye sensa. Programu ikipewa hizo namba inatakiwa ijue upana wa sensa, urefu wake, kila pikseli imepewa biti ngapi, ipi nyekundu ipi kijani ipi bluu, weusi unaanzia namba ngapi, na rangi za sensa hiyo zinageuzwaje ziwe rangi ambazo jicho linazikubali. Kwa kawaida mengi ya hayo kamera yenyewe inayaandika mwanzoni mwa faili, kama lebo kwenye gunia. Sasa A720 ilipotoka 2007 Canon hawakuipa RAW kabisa, kwa hiyo kiwanda hakikuandaa lebo yoyote, na CHDK inachofanya kwa mpangilio wa kawaida ni kuchota namba zilizoko kwenye kumbukumbu ya kamera na kuzimwaga kwenye kadi kama zilivyo. Gunia halina lebo. Na mbaya zaidi jina linaishia na .CRW, ambayo ni fomati halisi ya Canon ya zamani, so Lightroom inalipokea ikidhani ni ile, inafungua ndani haioni inachokitafuta, inakataa. Haijakosea.

Ila kuna mtu alilitatua hili zamani. Dave Coffin, Mmarekani, alianza 1997 kuandika programu ndogo inaitwa dcraw, bure, kazi yake kufungua faili mbichi za kamera yoyote atakayoweza kuichambua, na aliendelea nayo mpaka toleo la mwisho la 2018. Kwa hizi faili za CHDK zisizo na lebo alitumia njia ambayo mi naipenda sana: anaitambua kamera kwa uzito wa faili! Piga hesabu uone, sensa yako ina pikseli 3336 kwa 2480, kila moja biti 10, ukigawa kwa 8 upate baiti inakuja 10,341,600. Nenda kabofye faili lako uangalie ukubwa, utakuta namba hiyo hiyo. dcraw ikikutana na faili la baiti 10,341,600 inajua hii ni A720, basi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni RawTherapee. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux, na imejengwa juu ya kazi ya dcraw, kwa hiyo hizo CRW zako ulizokwisha kupiga inazifungua bila kuzibadilisha. Zile za majaribio zilizokula bando lako sio mbaya, ila baadhi ya kampuni hizi zinapima kila kamera na kila lenzi kwenye maabara yao kabla hazijaiweka kwenye listi, na kamera ambayo kiwanda chake hakikuipa RAW haitapelekwa maabara na mtu yeyote. Usisubiri update, haiji.

Kuanzia leo lakini fanya hivi, ingia kwenye menyu ya CHDK, sehemu ya RAW, washa DNG. Hiyo ni fomati ya Adobe ya 2004, iko wazi kwa kila mtu, na ukiiwasha CHDK inaandika lebo yenyewe: upana, urefu, biti, mpangilio wa rangi, vyote. Ukikuta inakuuliza toleo la DNG chagua 1.3, ukichagua lile la zamani itakulazimisha kwanza utengeneze faili la orodha ya pikseli mbovu, ni kazi ya dakika chache ila ya nini. Baada ya hapo hata Lightroom ya mshkaji wako itafungua, maana sa hivi haihitaji kuijua A720, inasoma lebo tu. Na kama unataka kuedit kwa simu, Snapseed ya Android inapokea DNG, jaribu na moja uone.

Watu wengi wakifungua picha ya kwanza kwenye RawTherapee wanakata tamaa kwa hiyo nikuandae. Itakuja imepooza, giza giza, haina kontrasti. Kwa kamera nyingine RawTherapee inachungulia JPEG iliyofichwa ndani ya faili mbichi na kuiga mwanga wake, kwako ndani hamna JPEG ya maana ya kuchungulia. Ndo maana usiifute ile JPEG kamera inayokupa pembeni, ifungue kando uitumie kama kielelezo cha rangi, hasa ngozi ya mtu, alafu panda na ekspoja (mwanga wa picha nzima) na kurvu (mstari wa kupanga giza na mwanga) mpaka zikaribiane, ukishapata mpangilio unaokubali uuhifadhi kama profaili ili picha zinazofuata zianzie hapo.

Cha pili utaona vidoti vidoti, vyeupe, vyekundu, vya bluu. Sensa haijafa. Kila sensa inakuwa na pikseli chache mbovu na kamera inazifuta kimya kimya kabla ya kutengeneza JPEG, CHDK inachukua namba kabla ya huo usafi. RawTherapee ina kichujio cha pikseli mbovu kwenye ukurasa wa RAW, kiwashe. Kama umepiga usiku shata ikakaa wazi muda mrefu, piga na moja umeziba lenzi, muda ule ule na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ile ile, kuna sehemu ya kuiweka hiyo picha ya giza na programu inatoa vidoti kwa kulinganisha.

Kwa RAM ya 4GB itaenda ila taratibu. Funga brauza kwanza. Na ujue kwamba vitu kama kupunguza chenga (vumbi vumbi kwenye picha) na kunoa picha matokeo yake unayaona vizuri ukizoom mpaka asilimia 100, ukiangalia picha nzima utadhani haijafanya kitu utaongeza na kuongeza mpaka picha iwe plastiki. darktable nayo ni ya bure na mi mwenyewe naitumia kwa kamera yangu kubwa, nzuri mno, lakini kwenye laptopu kama yako itakuchosha, utaipima siku ukiongeza RAM.

Faida unayopata ni kwamba JPEG inakupa ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, biti 10 zinakupa 1024. Mawingu yaliyoungua kidogo yanarudi, uso ulioko kivulini unaufungua bila kuvunjika, na rangi ya taa za ndani unairekebisha kama hukukosea chochote. Sensa yenyewe lakini ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, ukienda ISO 800 hakuna programu duniani itakayokusaidia. Kaa ISO 80 mpaka 200, jua la Morogoro linatosha kabisa. Kila picha itachukua sekunde kadhaa kuandikwa, na kwa kuwa unabeba mbichi na JPEG pamoja kadi ya 2GB inajaa kwenye picha kama 140 hivi, kwa hiyo RAW iwashe kwa picha unayoijali, sio kila kitu.

Na usiogope kwamba umeiharibu kamera, CHDK haigusi programu ya kiwandani, inapanda kwenye kumbukumbu kutoka kwenye kadi na ukizima inapotea, toa kadi kamera iko vile ilivyotoka dukani.

SWALI

Sasa bro. Niko Nairobi, nina Nikon D70 ya mzee, NEF, hizo RAW za Nikon, ziko kama elfu mbili kwa hard disk. Mse mmoja wa studio ameniambia ni lazima nilipie subscription kila mwezi ndio nizifungue vizuri kwa Windows 11 juu hiyo kamera ni ya kitambo. Ni ukweli?

JIBU

Hapana. Nikon wenyewe wanatoa programu ya bure inaitwa NX Studio, ilitoka 2021, na inafungua NEF za kamera zao zote za lenzi za kubadilisha kuanzia D1 ya 1999. D70 yako ya 2004 imo ndani. Ichukue kwa tovuti yao, usichukue kwa mtu na flash. Ubaya wake ni mwendo, ni nzito kidogo na haina ufundi mwingi wa kuchagua sehemu ya picha na kuifanyia kazi peke yake, lakini rangi inazotoa ni zile zile ambazo D70 ilikusudia, kwa ngozi zetu hiyo sio kitu kidogo.

Jambo moja tu nikuombe, usibadilishe NEF zote kuwa DNG alafu ufute asili. Mi nilifanya hivyo mwaka fulani kuokoa nafasi kwenye disk, nikajiona nimepanga vitu, nilipokuja kutaka rangi za Nikon nikakuta programu yao haifungui hizo DNG, na NEF nilishafuta. Ni harusi ya dada yangu. Mpaka leo rangi ya khanga za wale mama sijaipata vile ilivyokuwa.

SWALI

Assalaam aleikum kaka. Naandika kutoka Mombasa. Baba alikuwa mpiga picha, ametangulia mbele ya haki mwaka jana. Ameacha hard disk ina picha za Canon EOS 300D, nyingi zaishia .CRW na kila moja ina kijifaili pembeni chaishia .THM. Ni harusi za familia, maulidi, na za mama akiwa bado kijana. CD ya kamera ninayo lakini MacBook yangu haina hata pa kuitia, na fundi aliyejaribu kwa kompyuta yake asema programu hiyo imepitwa haifanyi kazi tena. Mwingine aniambia zibadilishe zote ziwe JPEG kwa tovuti, uzipakie huko zirudi. Nataka kuzisafisha vizuri nichape za mama. Nifanyeje?

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu. Pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Na ashukuriwe kwa kupiga RAW, maana 2003 na 2004 kadi zilikuwa ghali na ndogo, wengi walipiga JPEG ili picha nyingi zienee. Yeye alichagua kubeba chache zilizo kamili, na wewe ndiye unayevuna.

Kabla ya programu yoyote, kabla hujafungua hata moja, nakili disk hiyo yote mahali pawili. Disk ya miaka ile inaweza kusimama siku yoyote. Nakala moja kwako, nyingine kwa ndugu mnayeaminiana anakaa nyumba nyingine. Na hivyo vijifaili vya .THM usivifute hata kama vinaonekana takataka, vinaonyesha kapicha kadogo tu lakini humo pia kamera iliweka tarehe, saa, lenzi na mipangilio yake. CRW na THM yake wana jina moja, ukibadilisha jina la mmoja badilisha na la mwenzie. Tovuti ya kupakia zirudi JPEG achana nayo, itakurudishia picha iliyokwisha kuamuliwa na mashine, na picha za mama yako hazina haja ya kupita kwenye kompyuta ya watu usiowajua.

Sasa habari njema, 300D sio kama kamera ya yule kijana wa Morogoro hapo juu. CRW hii ni ya kweli, ina lebo yake ndani. Kilichokufa ni programu ya kwenye CD, sio faili. Programu za Mac za 2003 ziliandikwa kwa prosesa za PowerPC, Apple wakahamia Intel 2006, na kuanzia 2011 Mac mpya hazikuweza kuziendesha tena hata kwa msaada. Lakini 300D ilikuwa kamera iliyonunuliwa na watu wengi mno, ndiyo DSLR (kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha) ya kwanza kushuka chini ya dola 1,000 za Marekani, kwa hiyo kila aliyeandika programu ya picha mbichi aliijali. Lightroom inaifungua, RawTherapee inaifungua, darktable pia, na zote zipo za Mac.

Wewe lakini una kazi mbili, ndiyo maana sitakupa jina moja. Ya kwanza ni kuzijua, hizi zipi, nani huyu, wapi hapa. Kwa hiyo kazi chukua digiKam, ya bure, inasoma CRW na unaweza kuandika majina ya watu na mahali kwa kila picha, na kwa kuwa ndani ya kila CRW kamera ilificha JPEG ndogo utazipitia haraka bila kusubiri kila faili lifunguke. Kaa na mama mkifanya hivyo. Ya pili ni kusafisha zile mtakazochagua, labda 50 labda 100, na hapo tumia RawTherapee. Lightroom inaweza yote mawili na ni nyepesi kujifunza, sitakuficha, ila ni ya kulipia kila mwezi na siku ukiacha kulipa katalogi yako itafunguka utaona picha na kuzitoa nje, ila sehemu ya kusafisha inafungwa. Kwa kazi ya familia ambayo utaifanya kidogo kidogo miaka na miaka, mi nisingefunga ndoa na malipo ya mwezi.

Utakapofungua za ndani ya ukumbi utakuta ni za manjano mno, karibu chungwa. Kamera za Canon za wakati ule zikikutana na balbu za waya zilikuwa zinashindwa kupima nyeupe. Kwenye JPEG hilo lingekuwa limeganda, kwenye CRW halijaganda, chukua kile kidude cha kuchagua nyeupe ubofye kwenye kitu unachojua kilikuwa cheupe, kanzu ya bwana harusi, kofia, kitambaa cha meza, na picha nzima inatulia mbele ya macho yako. Usiivute mpaka mwisho lakini. Ukumbi ulikuwa na taa za manjano, bakisha joto kidogo, la sivyo watu wataonekana wako hospitali.

Pia usizihukumu kwa vile zilivyochapwa zamani. Njia za leo za kuunganisha pikseli ni bora kuliko za 2003, RawTherapee ina moja inaitwa AMaZE, iwashe utaona ukosi wa nguo na nyuzi za mabuibui ya wanawake zinajitokeza ambapo zamani palikuwa na weusi mtupu. Chenga za ISO 800 punguza za rangi tu, zile vumbi vumbi za kijani na zambarau, za mwanga ziache kidogo, zinafanana na filamu na uso unabaki uso.

Kuhusu kuchapa, 300D ina pikseli 3072 kwa 2048, hiyo ni megapikseli 6.3. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata kama inchi 10 kwa 7 safi kabisa, na A4 kwa ukutani inakubali bila shida. Mtu asikuuzie programu ya kukuza kabla hujachapa moja ya A4 ukaiona kwa macho. Toa faili la TIFF la biti 16 la kuweka, na JPEG ya kiwango cha juu ya kumpelekea mchapaji, muulize kwanza anataka mpangilio wa rangi wa sRGB au nini, wengi wanataka sRGB.

Kitu cha mwisho, ukizipanga kwa tarehe utakuta baadhi zinadai zimepigwa siku ambayo haiwezekani, pengine mwanzo wa mwaka usiku wa manane zote pamoja. Kamera hizi zina kibetri kidogo cha saa, kikiisha saa inarudi mwanzo. Namba za faili zina ukweli zaidi kuliko tarehe, CRW_1207 mara nyingi ilipigwa baada ya CRW_1206, ila kama mzee aliwahi kuirudisha hesabu mwanzo utakutana na majina yanayojirudia, kwa hiyo weka kila folda peke yake usichanganye. Tarehe zinarekebishika kwa programu ya ExifTool, ni ya bure, lakini tarehe sahihi utaitoa kwa mama. Muulize harusi hiyo ilikuwa kabla au baada ya Ramadhani, na nani alikuwa mjamzito, utashangaa zinavyopangika.